Nimejaribu programu za mazoezi tangu Januari hapa Mwanza, na hii ndiyo iliyonibakisha barabarani

Habari za asubuhi ndugu zangu, karibuni tena. Leo nawachambulia vitu vya kwenye simu nilivyovitumia tangu tarehe 2 Januari kushika malengo yangu ya mwaka, ambayo ni kukimbia kilomita 5 bila kusimama na kushusha presha. Leo ni wiki ya kumi na mbili. Hakuna kampuni iliyonilipa, simu ni hii hii mnayoijua, na bando nanunua mwenyewe.

Mnaonifuatilia siku nyingi mnajua nashinda nimekaa kwenye cherehani. Desemba nilipima presha ikasoma 142 kwa 91. Daktari akaniambia nipunguze chumvi, niutumie mwili, nirudi baada ya miezi mitatu. Nikamuuliza, na kukimbia je? Akasema ruksa, ila taratibu. Na wewe unayenitazama, kama una presha, sukari, au goti linakusumbua, anza kwa kuuliza hivyo hivyo kabla hujapakua chochote.

Naanza na iliyonishika kuliko zote. Inaitwa Couch to 5K, yaani kutoka kwenye kochi mpaka kilomita 5. Ni ratiba iliyoandikwa mwaka 1996 na Mmarekani anayeitwa Josh Clark, akimfikiria mama yake aliyekuwa na miaka hamsini na kitu. Ni ya wiki tisa, na kila wiki unatoka mara tatu tu. Ratiba yenyewe iko mtandaoni bure, unaweza kuinakili kwenye daftari ikatosha. Mimi nilipakua programu inayokusemesha masikioni, na nilivyoiona, ukishaipakua inafanya kazi hata bando likiisha.

Sikilizeni wiki ya kwanza ilivyo. Dakika 5 unatembea kwa haraka. Halafu unakimbia sekunde 60, unatembea sekunde 90, unarudia hivyo mara nane. Basi, umemaliza, rudi nyumbani ukaoge.

Siku ya kwanza nilitoka Igogo saa 12:20 asubuhi, raba zangu za mtumba wa Mlango Mmoja mguuni, nikaingia barabara ya Capri Point. Ziwa lilikuwa bado la kijivu, mitumbwi ya dagaa ndiyo inarudi. Sauti ikasema kimbia, nikakimbia. Sijaanza hata kuhema, ikasema tembea. Jamani, nilitaka kuendelea! Miguu ilikuwa bado ina hamu. Lakini nikatii. Na hapo ndipo nilipoelewa kilichoniangusha mwaka jana. Januari ya mwaka jana hakukuwa na wa kuniambia tembea. Siku ya kwanza nilikimbia bila kipimo mpaka karibu na jiwe la Bismarck, siku ya pili nikashindwa kuteremka mlima wa kwetu, siku ya nne raba zikarudi uvunguni.

Kwa hiyo nikiipima programu ya mazoezi siku hizi, swali langu la kwanza ni kama inajua kunizuia. Nyingi zinajua kukusukuma tu.

Wiki ya tano ndiyo watu wengi wanaiogopa, kwa sababu siku yake ya tatu unakimbia dakika 20 mfululizo, hakuna kutembea. Nilipoiona kwenye skrini moyo ulinipasuka. Nikaenda polepole sana, polepole mpaka mzee mmoja aliyekuwa anatembea zake tukawa tunaenda sambamba, akanisalimia, nikaitikia marahaba kwa mkanganyiko badala ya shikamoo. Dakika ya 14 mbavu zikabana. Dakika ya 17 zikaachia zenyewe. Ya 20 ilipofika nililia kidogo pale pale, sioni aibu kuwaambia.

Na mtaani utasikia mazoea yanajengeka kwa siku 21. Kuna utafiti wa chuo cha University College London, ule wa Phillippa Lally na wenzake, waliofuatilia watu 96. Kwa wastani ilichukua siku 66, wengine 18, na makadirio kwa wengine yalifika 254. Wiki tisa ni siku 63. Nadhani ndiyo maana ratiba hii inakaa mwilini, inakuvusha pale ambapo wengi tunaachia.

Kasoro zake ninazo mbili. Kwanza imetungwa kana kwamba dunia yote ni tambarare. Sisi wa Igogo, Isamilo na Mabatini tunakaa juu ya mawe, ukitoka mlangoni tayari ni mteremko na kurudi ni mlima. Ule mlima usiuhesabu kama mbio, utembee. Mimi wiki ya nne niliirudia yote, na hakuna aliyenidai. Pili, mwisho wa ratiba ni dakika 30, siyo kilomita 5. Jumamosi iliyopita nilimaliza dakika 30 zangu, nikapima, ni kilomita 4 na kidogo. Kilomita 5 bado, na naifuata.

Cha kupima hatua nitapita haraka. Google Fit au chochote kilichokuja na simu yako kinatosha, kinahesabu kwa kuhisi mtikisiko wa simu, kwa hiyo ukiiacha mezani haihesabu kitu. Ninachotaka mjue ni kwamba zile hatua 10,000 hazikutoka kwa daktari. Zilitoka Japani mwaka 1965, kwenye kifaa kilichouzwa kwa jina la Manpo-kei, maana yake kipima hatua elfu kumi. Utafiti uliotoka 2019 kuhusu wanawake wazee wa Marekani ulikuta waliofikisha kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliokaa zaidi, na baada ya kama 7,500 tofauti haikuongezeka tena. Mama yangu nilimwonyesha hii akafurahi, kwa sababu alikuwa anajiona ameshindwa kila jioni.

Sasa chakula. MyFitnessPal. Hapa nilipata shida kubwa, na hapa hapa nikapata faida kubwa.

Unaandika ulichokula, inakupa kalori. Nikaandika ugali. Zikaja ugali chungu nzima, kila moja na namba yake, maana nyingi zimeingizwa na watumiaji wenyewe. Moja ilikuwa karibu mara tatu ya nyingine kwa sahani moja. Nishike ipi? Nikaacha kuiuliza, nikachukua mizani ya jikoni. Unga mkavu wa mahindi, gramu 100 ni kama kilokalori 360, ndizo hizo tunazoziita kalori. Nikapima nusu kilo, hiyo ni 1,800. Nikasonga ugali wa nyumba nzima, nikaupima umeshaiva, gramu 1,450. Bonge langu lilikuwa gramu 420. Ukigawanya, nimekula kama 520. Ukifanya hivyo mara mbili tatu, jicho linajua lenyewe.

Halafu nikapima mafuta ya kukaangia dagaa. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kama kilokalori 120. Mimi humimina kwenye kikaango kwa mkono, kama mama alivyonifundisha. Safari hii nikamimina kwenye kikombe kwanza, nikachota kwa kijiko. Vijiko vitano. Mia sita! Zimezidi bonge langu la ugali, na miaka yote hii nalaumu ugali. Siku hizi dagaa nawakaanga kwa vijiko viwili, nyanya nyingi, kitunguu, pilipili mbuzi, limao likikaribia kuiva. Nyumbani hakuna aliyelalamika.

Kwa hiyo programu yenyewe kwa vyakula vyetu siipendekezi, na kuskani ile mistari ya kwenye pakiti (barcode) wameshakuweka kwa wanaolipia. Unga wa kusagisha mashineni wala hauna pakiti. Tafuta badala yake jedwali la vyakula vya Tanzania lililotolewa mwaka 2008 na watu wa Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard. Liko mtandaoni bure, na vyakula vyetu vimo. Vuta subira tu, maandishi ni madogo kwenye simu.

Strava kwa kifupi. Ni nzuri kwa ramani na umbali, ndiyo iliyonipa zile kilomita 4. Ila dada zangu mnaotoka alfajiri peke yenu, kabla ya mbio ya kwanza ingia kwenye mipangilio ya faragha, ficha mwanzo na mwisho wa njia, na chagua nani aone. Mwaka 2018 ramani yao iligundulika inaonyesha njia za wanajeshi ndani ya kambi zao. Kama kambi ilionekana, mlango wako je?

Presha nilirudi kupima wiki iliyopita, 133 kwa 85. Siwezi kusema ni mbio peke yake, chumvi nayo nimeipunguza. Daktari amesema niendelee.

Jambo la mwisho. Jirani yangu alitaka kuanza, lakini sauti ya programu ni Kiingereza, akawa haelewi lini aanze lini aache. Nikakaa na saa, nikamrekodia kwa sauti yangu, "kimbia", kimya, "tembea sasa, vuta pumzi", dakika 25 nzima, nikamtumia WhatsApp. Leo yuko wiki ya tatu. Wiki zote tisa nimeshazirekodi kwa Kiswahili, kiungo nimekiweka hapo chini, zipakue umtumie na shangazi. Ile ya wiki ya sita utasikia jogoo katikati, dakika ya tisa hivi. Msimfuate yeye, ngojeni mpaka niseme mimi.