Uzoefu wangu: spektromita ndogo ya USB kwenye mwanga wa plazma ya leza

Nina miezi minane na spektromita hii, kifaa cha kuutenganisha mwanga kwa rangi zake, ndogo kiasi cha kukaa kiganjani. Kazi yake kwangu ni moja: kusoma mwanga unaotoka hewani pale leza yetu inapokusanywa na lenzi. Leza yenyewe ni ya yakuti samawi iliyotiwa titani, na urefu wa wimbi la mwanga wake ni nanomita 800. Kila mpigo una milijuli 1 tu, lakini unapita ndani ya femtosekunde 35 (femtosekunde ni sehemu moja ya milioni bilioni ya sekunde), kwa hiyo nguvu yake inafika gigawati 28 hivi. Elektroni zinang'oka kwenye molekuli, unabaki uzi wa plazma, yaani gesi iliyong'olewa elektroni, mwembamba kama unywele, wenye rangi ya zambarau hafifu. Mapigo ni 1,000 kwa sekunde, na hewa inalia kama mbu aliye karibu na sikio.

Siku ya kwanza nilielekeza faiba ya kioo inayopeleka mwanga kwenye kifaa ubavuni mwa uzi huo, nikazima taa. Mistari ya naitrojeni ikasimama kwenye skrini: nanomita 337, 358, kisha 391, huu wa mwisho ukitoka kwenye ioni ya naitrojeni, yaani molekuli iliyopoteza elektroni. Ni mstari uleule unaong'aa angani karibu na ncha za dunia usiku wa aurora. Niliutazama muda mrefu sana. Kwa hilo tu, kifaa kimenilipa.

Kilichoniudhi ni mstari wa 674. Siku mbili nzima niliusaka kwenye majedwali, sikuupata. Mwishowe niliweka kipande cha kioo cha njano mbele ya faiba, ukapotea papo hapo. Mwanga mwekundu wa kweli ungepenya kioo kile! Kumbe ulikuwa kivuli cha 337, mwanga wa urujuanimno ambao kioo kile huuzuia, maana wavu wa ndani unaoutawanya mwanga huurudisha pia kwenye urefu wa mara mbili. Kichujio cha kuzuia hali hiyo kinauzwa pembeni, na kijitabu cha maelezo hakikugusia kabisa. Hapo muuzaji amekosea.

Lenzi ya kukusanyia mwanga iwe ya kioo safi cha silika. Kioo cha kawaida kilinififishia mstari wa 316.

Anayetaka kupima mwanga huu unadumu muda gani asinunue hii. Wenyewe unazimika ndani ya nanosekunde chache, wakati kifaa kinahesabu kwa milisekunde, kinarundika mapigo mengi pamoja. Mimi nataka kujua ni molekuli gani inayowaka, na hilo nalipata kila asubuhi kabla chai haijapoa.