Nimenyonywa mafuta ya tumbo na kiuno: uzoefu wangu, Dar es Salaam

Wanaotaka jibu la haraka: kiuno nimekipenda, tumbo nimeridhika nalo nusu, na mizani haikuona tofauti ya maana. Nilifanyiwa katika hospitali binafsi hapa Dar. Jina siliweki, sitaki maoni haya yageuke tangazo la mtu. Nimevuka arobaini, nina watoto watatu, wa mwisho nilizaa kwa upasuaji. Sikuwa mnene wa kutisha. Kilichonikera ni nyama uzembe za ubavuni, zile zinazomwagika juu ya sketi hata ukifunga Ramadhani nzima na sita za Shawwal.

Daktari alianza kwa kunifinya. Akanisimamisha, akashika ubavu, akashika tumbo juu ya kitovu, akashika chini yake. Mafuta yanayoshikika kati ya vidole ndiyo mrija wa kunyonyea unayafikia, kwa sababu yako chini ya ngozi. Yale ya ndani yanayozunguka utumbo na ini hayaguswi kabisa. Kwa hiyo mwanaume mwenye kitambi kigumu kisichofinyika, hata alipe mara mbili, atarudi nacho nyumbani. Akanilaza chali, akaniambia ninyanyue kichwa, akapapasa katikati ya tumbo: misuli ilikuwa imeachana tangu mimba ya pili. Hiyo nayo hainyonywi, wala ngozi iliyolegea. Alinieleza wazi kwamba chini ya kitovu ngozi yangu itabaki na ulegevu, na kwamba dawa yake ni upasuaji mwingine wa kukata ngozi na kushona misuli, wenye kovu refu kutoka nyonga hadi nyonga. Nikakataa. Ndiyo maana nasema tumbo nimeridhika nusu, na nusu hiyo niliijua mapema.

Kama lengo lako ni kupunguza kilo ishirini, hapa sipo. Kuna lishe, kuna dawa za kuandikiwa na daktari, kuna puto la tumboni wanaloweka hospitali ya Mloganzila, kuna upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Kunyonya mafuta kunabadilisha umbo, na hapo ndipo kazi yake inapoishia.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeulizia sehemu nyingine. Kule nilijibiwa WhatsApp na dada wa mauzo, akaniomba picha ya tumbo, akanipa bei ya maeneo manne kwa siku moja na punguzo nikilipa kabla ya mwisho wa mwezi. Hakuna aliyeniuliza kama nina presha, kama ninameza dawa yoyote, kama nimewahi kupasuliwa. Nilimuuliza nani atanichoma nusu kaputi, akanijibu, "Usijali mpenzi, tuna timu nzuri." Nikajali.

Maana hili si jambo la saluni. Kenya mwaka 2024 mwanamke alifariki baada ya kunyonywa mafuta katika kliniki moja ya Nairobi, na KMPDC, wanaosimamia madaktari kule, wakaifunga kliniki hiyo. Hatari zinajulikana: damu kuganda miguuni na kusafiri hadi kwenye mapafu, chembe za mafuta kuingia kwenye mishipa ya damu, mrija kutoboa utumbo, maambukizi, dawa ya ganzi kuzidi kiasi. Ni nadra kwa mtu mwenye afya aliyeko kwenye mikono sahihi, lakini zikitokea zinataka hospitali kamili, si chumba chenye taa za pinki. Kwa hiyo jina la daktari lihakikishe kwanza Baraza la Madaktari Tanganyika, na usajili wa udaktari tu hautoshi. Uliza kama ni bingwa wa upasuaji rekebishi. Uliza kama kuna daktari wa usingizi atakayekaa na wewe mwanzo hadi mwisho. Na uliza swali ambalo mimi naona linazidi yote: nikizidiwa saa nane usiku, nani atakuja, na ICU ni ipi? Aliyenifanyia alijibu bila kukunja uso. Kisha akakataa kunifanyia mikono na mgongo pamoja na tumbo. Kadiri wanavyotoa mafuta mengi kwa mkupuo mmoja ndivyo mwili unavyoyumba, na wakipita lita tano, mafuta na majimaji yakihesabiwa pamoja, ni kazi ya kulazwa na kuangaliwa usiku kucha. Mtu anayekataa pesa yako namwamini.

Vipimo: picha nzima ya damu, sukari, figo, ini, moyo, mimba. Na ultrasound ya tumbo kutafuta ngiri, hasa kwa sisi wenye mshono wa uzazi, maana utumbo ukiwa umejipenyeza mahali mrija unapopita ni balaa. Nikaachishwa aspirini, diklofenaki, vidonge vya kitunguu saumu na zile chai za kupunguza tumbo, kwa kuwa nyingine huzuia damu kuganda na nyingine hujui ndani mna nini. Anayevuta sigara au shisha anatakiwa kuacha wiki kadhaa kabla. Anayetumia vidonge vya majira aseme, vinaongeza uwezekano wa damu kuganda.

Siku yenyewe haina hadithi ndefu. Alinichora kwa kalamu nikiwa nimesimama, kwa sababu ukilala mafuta yanahama. Baada ya nusu kaputi wanajaza chini ya ngozi maji ya chumvi yenye ganzi na adrenalini. Adrenalini inabana mishipa, damu inatoka kidogo. Njia hii aliibuni daktari wa ngozi wa California, Jeffrey Klein, mwaka 1985, na bila yake wagonjwa wengi wangehitaji kuongezewa damu. Halafu mrija, kupitia vitundu vidogo. Niliamka nikitetemeka kwa baridi, nikafunikwa mablanketi, nikalala.

Kazi ilianza baadaye.

Usiku ule na siku iliyofuata nilivuja. Majimaji ya rangi ya waridi yalitoka kwenye vile vitundu, ambavyo daktari aliviacha bila kuvishona vyote makusudi ili yatoke. Andaa shuka la mpira, khanga kuukuu usizozipenda na pampasi za watu wazima. Ukitoa mkanda wa kubana tumbo na kiuno mara ya kwanza, kaa chini na uwe na mtu bafuni. Mimi kizunguzungu kilinipeleka moja kwa moja kwenye ndoo iliyofunikwa, ikawa kiti. Utaamriwa kutembea siku hiyohiyo, hata kwa kujikokota, ili damu isilale miguuni. Usibishane.

Halafu unavimba. Siku za mwanzo nilikuwa mzito kuliko nilivyoingia. Uvimbe ukashuka na kukusanyika sehemu za siri, zikawa nyeusi tii. Kama nisingeonywa ningekimbilia hospitali nikilia. Ngozi inakufa ganzi kwa miezi, inawasha bila kukunika, chini yake unapapasa mabonge magumu yanayolainika taratibu. Umbo la kweli linaanza kuonekana baada ya miezi mitatu, wengine sita. Zile picha za kabla na baada zinazopigwa juu ya kitanda cha upasuaji hazikuoneshi chochote.

Mkanda unavaliwa usiku na mchana, wiki nne hadi sita, na joto la Dar unalijua. Nunua miwili, mmoja uwe kwenye kamba. Uvae bila mkunjo, mkunjo ukikaa siku nzima unaacha mfereji kwenye ngozi. Kama unaweza kuchagua, fanya mwezi wa sita au wa saba kunapopoa.

Sasa suala la mama. Alikuja kutoka Tanga na beseni na majani ya mkaratusi.

"Tumbo lisipokandwa, mwanangu, maji yatabaki humohumo."

"Mama, hii si ya uzazi. Ngozi haisikii, utaniunguza na nisijue."

"Watatu nimekukanda mimi, nimekuunguza?"

Hajawahi kuniunguza, shikamoo yake. Lakini ngozi iliyokufa ganzi haikuambii maji yamezidi moto, na watu wanaungua kwa chupa ya maji ya moto tu. Alinuna hadi nilipompigia daktari na kumpa simu aongee naye. Hata masaji, niliyofanyiwa ni ya mkono mwepesi kwa mtaalamu wa fiziotherapia, baada ya ruhusa. Kuna watu mtandaoni wanaojitangaza kukamua maji kwa nguvu na hata kufungua upya vitundu vilivyoziba. Hao waepuke, wanaingiza vijidudu.

Pumzi ikikatika, kifua kikiuma, mguu mmoja ukivimba, homa ikipanda, mkojo ukipungua: nenda hospitali, usitume picha kwenye kikundi cha wanawake. Rafiki yangu aliyefanyia Istanbul alirudi kwa ndege mapema mno kwa maoni yangu, na alipopata tatizo la mshono hapa kila daktari alimrudisha kwa aliyempasua.

Bei: uliyotajiwa siyo utakayolipa. Vipimo, daktari wa usingizi, kulazwa, mikanda, sindano za kuzuia damu kuganda na fiziotherapia vyote vilikuwa mistari yake kwenye bili yangu, na bima haigusi urembo. Chembe za mafuta zilizotoka hazirudi, ila zilizobaki zinanenepa. Nimeshaona mgongo ukitaka kujaa baada ya harusi mbili tatu za Desemba.

Ubavu wa kushoto una kibonyeo kidogo, kinaonekana nikivaa dera jepesi dhidi ya mwanga. Daktari anasema kinaweza kusawazishwa, ila si kabla ya miezi sita kupita. Kazi ya mkono wake hatatoza. Chumba na usingizi nitalipia mwenyewe, na hilo lilikuwa kwenye karatasi niliyosaini, ukurasa wa pili. Soma wa kwako kabla ya kuvaa gauni. Kibonyeo nimekiacha kwanza.