Mashine ya Paige, Hartford: ufundi nyota tano, biashara nyota moja

Kama umewahi kupanga kwa mkono herufi za risasi, vile vipande vya madini vya kuchapia, ukifika jimbo la Connecticut, Marekani, usiondoke bila kupita Hartford, kwenye makumbusho ya nyumba ya mwandishi Mark Twain. Wenzangu walikwenda kuona samani na meza ya biliadi. Mimi nilifuata mashine ya kupanga herufi ya mvumbuzi James Paige, ambayo Twain aliigharamia, maana ndiyo pekee iliyosalia.

Tuliojifunzia kazi kwenye kiwanda cha chapa cha misheni tunajua kwamba kupanga si tabu. Tabu ni baada ya kuchapa, pale unaporudisha herufi moja moja kwenye vijumba vyake, vidole vimekuwa vyeusi, na ole wako "u" ikijichanganya na "n". Paige alitaka mashine ifanye yote: ipange, isawazishe mistari, irudishe herufi zilizokwisha tumika, na mtu mmoja tu awe kwenye vibonye. Na iliweza! Niliinama karibu kabisa kutazama vile vyuma vilivyobanana. Vipande 18,000. Gazeti linangoja usiku wa manane, kitu kimekwama ndani humo, utamwita fundi gani?

Halafu Paige mwenyewe hakutosheka. Kila ikikaribia kuuzwa, anaifungua tena airekebishe. Twain, aliyewahi kuwa mpanga herufi ujanani Missouri na akiijua adha hiyo, aliendelea kuimwagia mashine fedha mpaka karibu dola 300,000. Mwaka 1894 wakaijaribu kwenye gazeti la Chicago Herald. Herufi zikawa zinavunjika, kazi inasimama. Mwaka huohuo kampuni ya Twain ya kuchapisha vitabu nayo ikafilisika.

Wakati huo Linotype, mashine shindani ya Ottmar Mergenthaler, fundi saa kutoka Ujerumani, ilikuwa kazini kwenye gazeti la New York Tribune tangu 1886. Huyu aliukwepa mtihani wenyewe: mashine yake inamimina risasi ya moto na kutoa mstari mzima, ukishachapa unauyeyusha. Za kurudisha ni kalibu tu, yaani vile vyuma vyenye umbo la herufi ambamo risasi inamiminwa, nazo zinarudi zenyewe. Kama ningekuwa na kiwanda mwaka ule, hela yangu ingekwenda huko bila kusita.

Mashine ya Paige haiwashwi, kwa hiyo watoto wataichoka upesi. Waachie wenzako, wewe zunguka upande wa nyuma, ndiko kwenye mengi ya kutazama.