Stika ya Medali Kwenye Mvinyo wa Bei Nafuu: Je, Tuiamini?

Watazamaji wangu, karibuni. Kila aliyewahi kusimama mbele ya rafu ya mvinyo wa bei nafuu anaijua stika hii: duara dogo la rangi ya dhahabu lililobandikwa pembeni mwa lebo, lenye jina la shindano na mwaka. Chupa nitaiacha kando leo, nikaichambua stika yenyewe. Msimamo wangu nautaja mapema: naipokea kama dalili kwamba mvinyo hauna kasoro kubwa, na zaidi ya hapo siipi uzito.

Aliyenifikisha hapo ni Robert Hodgson, profesa mstaafu na mzalishaji wa mvinyo wa California, ambaye alikubaliwa na waandaaji wa shindano la maonyesho ya jimbo hilo awapime majaji wenyewe. Kuanzia mwaka 2005, majaji walionjeshwa mivinyo ipatayo 30 kwa mkupuo bila kuona lebo, na miongoni mwake mlikuwa na mvinyo uliomiminwa mara tatu kutoka chupa ile ile. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2008 yalionyesha kwamba ni takriban jaji mmoja tu kati ya kumi ambaye alama zake tatu zilibaki ndani ya daraja moja la medali, huku wengine wa idadi kama hiyo wakiupa mvinyo ule ule shaba katika glasi moja na dhahabu katika nyingine. Jambo moja lakini lilijitokeza ambalo wengi hulipita: majaji walikuwa na uthabiti zaidi walipokuwa wakikataa mvinyo kuliko walipokuwa wakiusifu. Ndiyo maana nasema medali inafaa zaidi kama chujio la kasoro.

Mwaka uliofuata Hodgson alitazama mashindano 13 ya Marekani. Mivinyo 2,440 ilikuwa imeshiriki zaidi ya mashindano matatu. Asilimia 47 ilipata dhahabu mahali fulani, lakini asilimia 84 ya hiyo hiyo yenye dhahabu ilitoka mikono mitupu katika shindano jingine. Sasa jiwekeni mahali pa mzalishaji. Kila shindano hutoza ada ya kushiriki, na ukilipia mengi, uwezekano wa kupata dhahabu hata moja unaongezeka. Utabandika hiyo moja, na mnunuzi hataona popote orodha ya mashindano uliyoshindwa. Hakuna udanganyifu hapo, na bado mnunuzi amepotoshwa.

Kwa mvinyo wa bei ya chini tatizo linazidi. Charles Shaw, mvinyo uliojulikana Marekani kwa kuuzwa chini ya dola 2, ulipata tuzo ya juu kwa Chardonnay yake, mvinyo mweupe wa zabibu za jina hilo, katika shindano lile lile la California mwaka 2007, na mjadala ukawaka. Mimi sioni ajabu mvinyo wa bei hiyo kuwa mzuri. Ninachouliza ni kama chupa mnayoinunua ni sawa na ile iliyoonjwa, kwa kuwa mvinyo unaozalishwa kwa wingi mkubwa huenda ukachanganywa na kujazwa kwa awamu tofauti, ilhali majaji wameonja sampuli chache tu. Nchini Ubelgiji, kipindi kimoja cha televisheni kilichukua mvinyo wa supamaketi wa yuro 2.50, kikauvisha lebo ya kubuni na kuuingiza katika shindano la Gilbert & Gaillard, nao ukarudi na dhahabu.

Mashindano hayalingani, na ni haki kulisema hilo. Yale yaliyo chini ya udhamini wa OIV, shirika la kimataifa la mizabibu na mvinyo, hayaruhusiwi kutoa medali kwa zaidi ya asilimia 30 ya sampuli, kwa hiyo medali zake zina ushindani ndani yake. Kwa upande mwingine, wazalishaji wengi hawashiriki kabisa, na chupa isiyo na stika haijashindwa na yeyote.

Kwa hiyo someni maandishi madogo kwenye stika. Mwaka wa mavuno uliopewa medali uwe ule ulio kwenye lebo, maana mavuno ya mwaka mmoja hayana dhamana juu ya mavuno ya mwaka mwingine. Medali mbili au tatu za mashindano tofauti kwa mavuno yale yale zina uzito kuliko dhahabu moja ya pekee, hata zikiwa za shaba. Mkikuta chupa mbili za zabibu aina moja na bei moja, chukueni yenye medali bila wasiwasi. Lakini ikiwa medali ndiyo iliyoipandisha bei, mimi ningechukua ile nyingine.