Daraja la Fabricius, Roma: limekaguliwa, limepita

Kazi yangu ni ukaguzi wa majengo, na kabla ya hapo nilishika mwiko wa uashi kwa miaka mingi, kwa hiyo anayetafuta mahali pa kupigia selfi hapa hatapata kitu. Nazungumzia daraja dogo la Roma ambalo watalii hulikanyaga wakiwa mbioni kwenda kwingine. Wenyewe wanaliita Ponte Fabricio. Linatoka ukingo wa mashariki wa Mto Tiber, karibu kabisa na Sinagogi Kuu, na kuingia Isola Tiberina, kisiwa kilichokaa katikati ya mto. Lilijengwa mwaka 62 KK. Bado linafanya kazi ile ile lililojengewa: watu wanavuka. Magari hayaruhusiwi, tiketi hakuna, foleni hakuna, saa ya kufunga hakuna.

Mara ya kwanza nililifikia nikiwa na kundi la matembezi ya kulipia, sisi sote tumevaa vipokea sauti masikioni kama marubani. Kiongozi wetu alisimama kwenye nguzo mbili za marumaru zilizo ukutani mwa daraja, kila moja ina kichwa chenye nyuso nne, akatupigia hadithi: eti Papa Sixtus V aliajiri mafundi wanne kukarabati daraja, wakagombana wao kwa wao, Papa akawakata vichwa kisha akawawekea ukumbusho. Kundi likacheka, picha zikapigwa, tukaambiwa twende. Sixtus V alikuwa Papa karne ya 16. Nguzo zile ni za Waroma wa kale. Sasa ukumbusho gani huo unaochongwa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya marehemu kuzaliwa?

Kilichoniuma zaidi ni kwamba jambo lenyewe la maana lilikuwa chini ya miguu yetu, na hakulitaja. Nikarudi peke yangu siku nyingine.

Fanya hivi. Usiishie juu ya daraja, maana juu huoni kitu ila mawe ya sakafu, kuta za pembeni na migongo ya watu. Tafuta ngazi zinazoshuka hadi gati lililo usawa wa maji, kisha simama upande ambao mto unaelekea, asubuhi, jua likiwa linaupiga uso huo wa daraja. Utaona matao mawili mapana, kila moja lina upana wa kama mita 24 na nusu, yanakutana kwenye nguzo moja nene katikati ya maji. Daraja zima lina urefu wa mita 62 na upana wa mita tano na nusu hivi. Tumbo lake ni mawe mepesi ya volkeno. Pembeni kuna matofali, na ukingo wa matao ni jiwe la travatini, lile jeupe lenye vitundutundu.

Juu ya travatini hiyo kuna maandishi, herufi kubwa zilizochongwa kwa mkono usiotetemeka. Yanasema kwamba Lucius Fabricius, mwana wa Gaius, msimamizi wa barabara, ndiye aliyeshughulikia ujenzi, na kwamba yeye huyo huyo ndiye aliyeidhinisha kazi. Yamerudiwa mara nne, kila tao, kila upande. Huyu bwana hakutaka mtu yeyote apite kwa mashua bila kujua nani alisimamia.

Mkaguzi yeyote akisoma maneno hayo lazima nyusi zimpande. Aliyesimamia ndiye aliyekagua! Mimi ningekutana na faili kama hilo mezani ningelirudisha siku hiyo hiyo. Mtu hajikagui mwenyewe. Ndiyo njia ya kulipua kazi na kuchakachua vifaa huku makaratasi yote yakiwa safi.

Lakini endelea kusoma. Kwenye tao moja kuna mstari mwingine, wa herufi ndogo zaidi, unaotaja watu wawili: Quintus Lepidus na Marcus Lollius, makonsuli, yaani wakuu wawili wa Roma waliochaguliwa kila mwaka, ambao kwa amri ya Seneti nao waliidhinisha. Hao walikuwa makonsuli mwaka 21 KK, yaani miaka 41 baada ya Fabricius. Kilichotokea hapo kati ni mafuriko. Mwaka 23 KK Tiber ilifurika, ikafagia daraja la mbao lililokuwa chini kidogo, Pons Sublicius, na mitaa ya mji ikapitika kwa mashua kwa siku tatu. Wanahistoria wengi wanaona kwamba mstari ule ni wa ukaguzi uliofuata balaa hilo. Kwa hiyo umesimama kwenye gati unasoma cheti cha mkandarasi na, palepale, cheti cha wakaguzi huru waliokuja baadaye, vyote vimechongwa kwenye kitu chenyewe kilichokaguliwa. Sijawahi kuona faili lililohifadhiwa vizuri namna hiyo.

Wamelipitisha kwa haki? Tazama nguzo ya katikati. Juu yake, baina ya matao mawili, kuna tao dogo la tatu ambalo siku za kawaida linapitisha upepo tu. Maji yakipanda, badala ya kuusukuma ukuta mzima yanapata pa kupenya. Hiyo ndiyo akili yenyewe: fundi alikubali mapema kwamba siku moja mto utafika huko juu, akauachia mlango.

Anayetaka kulinganisha ageuze shingo tu aangalie kule maji yanakoelekea, palipo na Ponte Rotto, Daraja Lililovunjika. Hilo ni kongwe kuliko la Fabricius: nguzo zake zilianzwa mwaka 179 KK, na matao ya mawe yakamalizika mwaka 142 KK. Limekaa pale ambapo mikono miwili ya mto inaungana tena baada ya kisiwa, na limepigwa na mafuriko hadi yale ya 1598 yakachukua nusu yake, wenyewe wakanyoosha mikono. Leo limebaki tao moja limesimama majini, halina mwanzo wala mwisho. Na Ponte Cestio, lililo upande wa pili wa kisiwa, lilibomolewa mwaka 1888 na kujengwa upya wakati wa kazi za kuta za mto zilizofuata mafuriko makubwa ya 1870. Zuri, ila ni la juzi. La Fabricius limewahi kuguswa pia, kuta zake za pembeni zilitengenezwa mwaka 1679, lakini mwili ni ule ule.

Kisiwa chenyewe kinastahili nusu saa. Warumi walimjengea hapo hekalu Aesculapius, mungu wao wa tiba, baada ya tauni ya mwaka 293 KK, kisha wakauzungushia ukingo mawe uonekane kama merikebu; kipande cha ubavu wake bado kipo, na fimbo iliyozungukwa na nyoka inaonekana ukiinama kidogo. Hospitali ya Fatebenefratelli ipo hapo tangu karne ya 16. Kwa hiyo wengi wanaovuka daraja hili si watalii: ni manesi wanaoingia zamu, na watu wenye mifuko ya dawa.

Kasoro zipo. Kule chini kwenye gati kunanuka mkojo, chupa zimetupwa ovyo, na wapaka rangi wamechora kuta za mto bila huruma. Ngazi ni ndefu na hazina kivuli. Mwenye magoti mabaya abaki juu ya ukuta wa barabara, herufi atazisoma kwa darubini. Mto ukiwa umejaa usishuke kabisa. Wachuuzi juu ya daraja wanaziba njia jioni, na daraja la mita tano na nusu halina nafasi ya masihara hayo.

Daraja nampa Fabricius nyota tano, hata kama alijikagua. Matembezi ya kulipia nayapa mbili, ya pili ikiwa ni ya vile vipokea sauti, maana vilisikika vizuri mno.