Tahadhari: wakala aliniuzia bima ya mtu anayeishi kwake, na mimi fleti nimeipangisha

Wenye fleti za kupangisha, kama fomu yako ya bima ilijazwa na wakala, itafute leo uisome. Mimi yangu niliisoma baada ya maji kumwagika, na sasa natengeneza kwa pesa zangu sakafu yangu na dari ya jirani wa chini.

Huyu wakala ni mchangamfu, simu anapokea papo hapo, na hana maswali mengi (hapo ndipo ningeshtuka). Nilimwambia tangu mwanzo kuwa siishi pale, kuna mpangaji. Akanijibu, "Fleti ni fleti, bosi wangu, bima ni ileile." Akajaza fomu mwenyewe, akanionyesha pa kusaini. Bei yake ilikuwa chini kuliko ya wote niliowauliza, nikajiona mjanja.

Bomba la chini ya sinki likapasuka usiku, mpangaji akiwa safarini. Maji yalitiririka hadi asubuhi. Nikapeleka madai, akaja mkaguzi wa kampuni, na katika maswali yake yote lililonimaliza ni moja: nani anaishi hapa? Baadaye ikaja barua ya kukataa. Kwenye fomu, palipoulizwa mkaaji ni nani, pamewekwa tiki kwenye "mmiliki mwenyewe". Tiki si yangu, ila saini ni yangu. Bima hutolewa kwa kuamini maelezo ya mwanzo, na yakionekana ya uongo kwenye jambo zito kama hilo, kampuni inaweza kukataa kulipa au hata kuufuta mkataba. Nilipompata wakala, baada ya siku nyingi za simu kutopokelewa, alisema tu, "Si ulisaini mwenyewe?"

Hesabu yake naielewa sasa. Bima ya fleti ya kupangisha kwa kawaida ina ada kubwa zaidi, na ada kubwa hufukuza wateja. Yeye kamisheni yake anaipata siku unalipa, hasara ikitokea hayupo.

Uongo wake wa pili ulikuwa mtamu zaidi kwa sababu nusu yake ni kweli: "Jengo lenyewe limeshakatiwa bima na umoja wa wamiliki." Limekatiwa, ndiyo: paa, kuta za nje, ngazi, lifti. Ndani ya fleti yako ni habari nyingine, inategemea kanuni za jengo na mkataba wa bima ya umoja. Kuna majengo ambayo bima ya umoja inaishia kwenye kuta tupu, kwa hiyo makabati, vigae na sinki ni mzigo wako. Kwingine inagharamia vilivyokuwepo jengo lilipokamilika, lakini si jiko ulilolibomoa ukajenga upya. Halafu kuna kile kiasi ambacho umoja unabeba wenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Kanuni nyingi zinaruhusu kumtwika gharama hiyo mwenye fleti ambako hasara ilianzia. Wakala asiyeomba kuziona karatasi hizo anakukisia tu.

Kwa hiyo ukienda kukata bima, taka neno "kupangisha" lionekane kwenye mkataba wenyewe, si kwenye maneno ya wakala. Uliza kama mkataba huo unalipia madhara kwa watu wengine, mfano jirani wa chini, au mgeni akianguka ndani. Uliza kuhusu kodi iliyopotea, na usidanganyike hapo: kwa kawaida inalipwa fleti isipokalika kwa sababu ya janga lililo kwenye mkataba, mfano moto. Mpangaji aliyegoma kulipa haingii humo. Vitu vya mpangaji navyo ni bima yake mwenyewe. Ukipangisha kwa siku chache chache kwa wageni, sema, maana bima nyingi za kupangisha haziwakubali. Na fleti ikikaa tupu, mara nyingi kuanzia siku 30 au 60, baadhi ya malipo husimama.

Ada ilipe kwenye akaunti ya kampuni, kisha ipigie kampuni yenyewe, uwasomee namba ya mkataba, uwaulize wameandika nani anaishi humo. Simu ya dakika tano. Mimi sikuipiga.

Kilichonibakia ni ujumbe wa simu nilioandikiana naye kabla ya kusaini, ambamo nimemtaja mpangaji waziwazi. Nimeuambatanisha kwenye malalamiko yangu kwa mamlaka inayosimamia bima.

Jirani wa chini bado ameweka ndoo sebuleni.