Zahanati nzuri, ila si kwa kidonda cha mguu cha kisukari

Kwa kipimo cha malaria na shinikizo la damu, zahanati hii ya binafsi ya mtaani kwetu Dar es Salaam, ambayo sitaitaja jina, inastahili sifa: ni safi, foleni ni fupi, na wauguzi wana lugha nzuri. Kwa mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda mguuni, siipendekezi.

Baba alibadilishiwa bendeji na kupewa vidonge vya antibayotiki kwa siku tisa, huku uvimbe ukipanda na kidole kikianza kutoa harufu, bila kupewa rufaa, eti kwa kuwa hakulalamikia maumivu. Kisukari cha muda mrefu huharibu neva za miguu, hivyo kutosikia maumivu si dalili ya nafuu. Miongozo ya kimataifa huyahesabu maambukizi kuwa ya wastani wekundu unapofika sentimita 2 au zaidi kutoka ukingo wa kidonda (kwenye ngozi nyeusi, uvimbe na joto husema zaidi kuliko rangi), na kuwa makali yanapoambatana na dalili za mwili mzima, kama vile homa inayozidi nyuzi 38 pamoja na mapigo ya moyo zaidi ya 90 kwa dakika. Mgonjwa wa namna hiyo hupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Hospitalini walipima mtiririko wa damu mguuni, wakachunguza kama kidonda kimefika kwenye mfupa, wakampiga eksirei na kumpeleka chumba cha upasuaji jioni ileile. Kidole kilikatwa, mguu umebaki.